Mawe ya Kufulia na Njia ya Ningu

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya ubwana samaki na ubibi samaki, mnaoshuka huku Tarime na Serengeti mkiwa na buti mpya zisizojua tope, nataka tuongee kuhusu samaki mmoja kabla hajabaki picha ya ukutani. Anaitwa ningu. Kama umelelewa mbali na huku huenda humjui, maana siku hizi hata sokoni ukimuulizia wanakupa sato wa bwawani na kukuambia ni ndugu yake. Si ndugu yake, na anayekuambia hivyo anajua kabisa kwamba anakudanganya.

Ningu anaishi ziwani na huku chini chini mto Mara. Mvua za kwanza zikinyesha na maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa, anaacha shughuli zake zote na kupanda mto. Anapanda mpaka kwenye matawi madogo, anatafuta majani yaliyofunikwa na mafuriko, anataga humo. Huwezi kumwambia asubiri mwezi ujao, wala huwezi kumwelekeza njia nyingine. Mto ukifungwa siku hizo, uzao wa mwaka huo umefungwa. Hayo ndiyo mnayohitaji kujua ili muelewe kwa nini mama mzima, mstaafu mwenye wajukuu na magoti mabovu, nina hasira hivi.

Mimi si wa huku kwa kuzaliwa. Ni Mluguru. Serikali ilinileta, mume akanibakiza. Watu waliniita Mama Samaki tangu siku za kwanza, na watoto wa shule wakawa wananiimbia barabarani, kwa sababu nilikuwa mwanamke wa kwanza waliyemwona akiendesha pikipiki akiwa na nyavu begani. Nimezunguka kote, Busawe, Nyansurura, mpaka Issenye ambako samaki aliyekuwa akijulikana sana ni wa kopo. Ila mto ulioniweka ni mmoja mdogo, tawi la Mara. Sitautaja jina. Wenyewe wanaujua, na wakisoma hapa watakunja uso.

Aliyenifundisha mto huo ni Bhoke. Tulikuwa karibu rika moja, yeye akiwa na watoto wanne na mimi sina hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kutega migono, ile mitego ya kusuka kwa fito yenye mdomo mpana na shingo nyembamba, kisha kukausha ningu kwa moshi na kuwapeleka mnadani. Nilipomkuta mara ya kwanza nilianza kumpa somo la nyavu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vua viatu." Nikavua. Akaniingiza majini mpaka mapajani, akaniambia nisimame kimya.

"Unasikia maji ya miguu na maji ya mapaja?"

"Yana tofauti gani?"

"Ya chini baridi. Hayo yametoka mbali, mvua imenyesha juu huko. Kesho watakuja."

Kesho yake walikuja. Kosa langu lilikuwa kutaka kuwakamata. Bhoke alinizuia mkono. Kwao, siku ya kwanza ya ningu hakuna anayetega. Wanaotangulia wanaachwa wapite wote, na hata siku za kutega lazima ubakishe katikati ya mto upana wa mtu kulala. Mama mkwe wake alikuwa na fimbo ya kazi hiyo moja tu: anapita kupima mapengo ya migono ya wake za wanawe, na aliyebana anang'olewa mgono wake mbele za watu. Basi hiyo ndiyo ilikuwa idara ya uvuvi kabla yangu, na ilifanya kazi bila gari.

Msidhani mimi sikuwa na cha kumpa. Bhoke alikuwa anakausha samaki kwenye moto wa wazi, anamaliza kuni za kilima kizima na macho yamekuwa mekundu kama ya mlevi. Nikamjengea tanuri la udongo lenye mlango mdogo chini. La kwanza lilibomoka na kufukia ningu wote, na alinitukana kwa Kikurya kwa muda mrefu hivi kwamba nilijifunza maneno mapya. La pili likasimama. Tangu hapo tukawa watu wa nyumba moja.

Nimewaambia haya ili mjue mto ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na sheria.

Kisha likaja banio. Sina ugomvi na banio. Banio ni ukuta wa kukingia mto ili maji yapande mfereji yaende mashambani, na watu wa huku wanakula mpunga na kuuza vitunguu kwa sababu ya maji hayo. Mwita, mwenyekiti wa kamati ya maji, ni mtu mchapakazi na amesomesha watoto kwa vitunguu. Ugomvi wangu ni lango. Katikati ya ukuta kuna lango la chuma lenye usukani wa kuzungusha, na anayeshika usukani ule ameshika mto mzima. Tulipokuwa tunaanza, Mwita mwenyewe alikubali mbele ya wanakijiji kwamba mvua za kwanza lango litakuwa wazi, samaki wapite, ndipo bwawa la nyuma ya ukuta lijazwe. Watu walipiga makofi. Nyie mkikubaliana jambo kwa makofi, jueni hamjakubaliana.

Pembeni ya lango walijenga pia ngazi ya samaki, inayopata maji lango likiwa wazi, vyumba vya zege vinavyopandana, maji yakimwagika kutoka kimoja kwenda kingine. Nilifurahi sana nilipoiona kwenye mchoro. Kumbe mchoro ule ulitengenezwa kwa ajili ya samaki wa nchi za baridi anayeitwa samoni, ambaye naambiwa anaruka maporomoko kama swala. Ningu hana habari za kuruka. Ningu ana midomo minene iliyoelekea chini, anaikandamiza kwenye jiwe, anajisukuma, anapumzika, anajisukuma tena, kama mzee anayepanda ngazi za hospitali. Masika ya kwanza walifika kwenye kidato cha kwanza cha zege, wakakigonga kwa vichwa, wakageuka. Nilimwambia mhandisi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, mchoro umeshapitishwa."

Waliorekebisha ngazi ile hawakujua wanairekebisha. Wanawake waliona pale ni pazuri pa kufulia, zege safi, maji yanatembea, hakuna tope. Ila vidato vilikuwa virefu na vinateleza, kwa hiyo kila mmoja akabeba jiwe lake bapa la kufulia kutoka mtoni na kuliweka ndani ya ngazi. Bhoke akaleta lake. Yakajaa mawe, makubwa kwa madogo. Maji yakapungua kasi, kidato kimoja kikawa viwili, na katikati ya mawe vikatokea vituo vya kupumzikia. Masika yaliyofuata Bhoke alinipigia kelele toka ng'ambo, "Mama Samaki! Njoo uone wageni wako wanakanyaga sabuni yangu!"

Walikuwa wanapanda. Midomo kwenye mawe ya kufulia, mkia unatikisika, jiwe hadi jiwe, mpaka juu. Mimi na Bhoke tulicheka mpaka tukakaa chini. Kwa miaka kadhaa ikawa hivyo, mpunga ukaota na ningu wakapanda, na nikaanza kuamini kwamba mambo mawili mema yanaweza kukaa kwenye mto mmoja.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Tukaambiwa anakuja mgeni rasmi kuzindua mfereji mpya. Mnajua wenyewe mgeni rasmi akija inakuwaje. Barabara inachongwa, nyasi zinafyekwa, kwaya inashonewa sare, na mtu ambaye hajawahi kushika fagio anageuka kuwa mkuu wa usafi. Kamati ya maandalizi ikakagua banio. Wakaona mawe ndani ya ngazi ya samaki. Wakasema, uchafu huu nini? Wanawake wakapigwa marufuku kufua. Mawe yote yakatolewa, yakapakwa chokaa, yakapangwa kushoto na kulia kwa njia atakayopita mgeni. Yakapendeza kweli. Ngazi ikabaki tupu inang'aa, kama siku ilipojengwa, yaani haina faida kwa kiumbe yeyote.

Na lango likafungwa, ili bwawa lionekane limejaa kwenye picha.

Wiki ileile mvua za kwanza zikanyesha. Nilikwenda kwa Mwita nikamkuta anasimamia watu wa kupamba turubai.

"Mwita, fungua lango. Ningu wamefika."

"Mama Samaki, mgeni akikuta tope nitamwambia ni nini?"

"Mwambie ni mto."

"Wewe mama nawe! Akishaondoka nafungua. Kwani hao samaki wana harusi ya kuwahi?"

"Ndiyo," nilimwambia. "Ndiyo hiyo hasa wanayoiwahi."

Akacheka. Watu wa turubai wakacheka. Mimi sikucheka.

Ningu walijazana chini ya ukuta hadi maji yakawa meusi kwa migongo yao. Waliokuwa wamefundishwa na mama wakwe kuacha siku ya kwanza, walisahau siku hiyo. Watu walikuja na beseni, ndoo, vyandarua, shuka. Wakachota. Hata waliokuwa hawali samaki walichota. Wakasema ni baraka ya mradi. Jumapili yake samaki wa moshi walipelekwa kanisani kama shukrani ya mavuno, mzigo mpaka mbele ya madhabahu, na hakuna aliyeuliza kwa nini wote wana mimba.

Na mgeni rasmi alipokaa mezani aliletewa ningu wa kukaanga. Mimi nilipewa kiti meza ya nyuma, na kwenye sahani yangu kulikuwa na mayai yamekaangwa pembeni, manjano, madogo kama punje za ulezi. Mgeni akasimama akasema mradi huu umeleta maji na sasa umeleta na samaki. Makofi. Vigelegele. Mwita alitazama upande wangu kama kusema, umeona? Niliweka uma chini. Sijawahi kumtamani ningu tena.

Alipoondoka mgeni, Mwita alitimiza ahadi. Alifungua lango lote kwa mkupuo mmoja. Vijana, hili liandikeni kichwani: maji ya mto hayashushwi hivyo. Yanashushwa kama unavyomshusha mtoto aliyelala mgongoni. Wale ningu wachache waliokuwa wamepata majani ya kutagia kule chini, maji yalipanda juu yao kwa ghafla na kushuka kwa ghafla, mayai yakabaki juani yamening'inia kwenye nyasi. Nilikwenda na Bhoke tukayaona. Aliyapukusa kwa kidole, yakadondoka makavu.

Masika yaliyofuata tulisimama mtoni tukingoja. Maji yalibadilika rangi, baridi ya miguuni ikaja, lakini walikuja wachache, na waliofuatia mwaka mwingine wakawa wachache zaidi. Hapo wakubwa wakashtuka. Samaki wamekwenda wapi? Kikaitishwa kikao. Nikasimama nikasema habari ya lango, habari ya mawe, habari ya kushusha maji. Mwenyekiti wa kikao akaniambia niko nje ya mada. Mada ilikuwa uvuvi haramu. Kikao kikaamua mkosaji ni mgono.

Wakaja wakakusanya migono yote ya mto ule, ikiwemo ya Bhoke, wakaipiga kiberiti mbele ya shule ili watoto wapate fundisho. Nilikataa kushika kiberiti, wakakishika wengine. Bhoke alisimama akitazama fito zake zikiungua, akamuuliza aliyekuwa mkubwa pale, "Na lango mtalichoma lini?"

Yule akadhani ni matusi. Mimi nadhani ndilo swali pekee la kitaalamu lililoulizwa siku ile.

Nilistaafu muda si mrefu baadaye. Nikapewa kanga na saa ya ukutani, wakanisifu kwa utumishi uliotukuka. Saa ilisimama. Mimi nikaendelea kwenda mtoni.

Na mto wenyewe sasa mmeuona ulivyo. Kiangazi ng'ombe wanavuka bila kulowa magoti. Kule juu kila mwenye nguvu ana pampu yake, anavuta anavyotaka, na kinachotufikia kinafungwa na Mwita mpaka tone la mwisho, kwa sababu naye anaona akikiachia kitavutwa na wa chini. Kila mtu anamwogopa mwenzake na wote wanamalizia hofu yao kwenye mto. Mimi na Bhoke na wanawake wengine tuliyarudisha mawe kwenye ngazi ya samaki, yale yale, mengine bado yana chokaa. Lakini ngazi bila maji ni ngazi tu. Alikuja mtafiti mmoja, akaiona, akauliza kama kuna wanaopanda. Bhoke akamjibu, "Wanapanda. Mbuzi." Na kweli walikuwa pale juu wawili, wametulia.

Mwaka huu, kabla ya masika, tulimwendea Mwita kwa adabu. Sisi wote ni wazee sasa, tulikunywa chai kwake. Hatukuomba lango lifunguliwe lote. Tuliomba liinuliwe upana wa kiganja, kwa siku za mvua za kwanza tu, maji yapite kwenye ngazi.

"Mama Samaki," alisema, na safari hii hakucheka, "mwaka jana vitunguu vyangu vilikauka shambani. Maji yakienda yameenda. Hayarudi."

"Na ningu je?"

"Ningu hawanidai kitu."

"Wewe ulikuzwa kwa chakula gani kabla ya vitunguu?" aliuliza Bhoke.

Mwita alitazama kikombe chake. Alijua jibu, mtu yeyote wa rika lake huku alikuzwa na ugali wa ulezi na ningu. Akasema atafikiri. Mvua zikanyesha, na lango halikuinuka hata upana wa ukucha.

Basi sikieni la mwisho, nalo linawahusu ninyi kuliko yote, kwa sababu aliyekuwemo ni mmoja wenu.

Asubuhi ya maji ya kwanza mimi na Bhoke tulishuka chini ya ukuta. Walikuwepo. Wachache, wamejibanza kwenye kivuli cha zege, wanagonga pale mlango ulipopaswa kuwa. Tukaamua kwamba kama mto hauwezi kuwapandisha, tutawapandisha sisi. Tulikuwa na beseni moja. Bhoke aliingia majini na nguo zake, akamnasa wa kwanza kwa mikono miwili, jike, tumbo limejaa. Tukamweka kwenye beseni na maji yake, tukaanza kupanda njia ya pembeni kwenda bwawani, polepole, magoti yangu yakilalamika. Kisha tukasikia pikipiki.

Alikuwa bwana samaki mpya. Kijana msafi, mwenye heshima. Alizima pikipiki kabla hajafika, akavua kofia ngumu.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Kwenye beseni kuna nini?"

"Ningu," nilisema. "Tunampandisha juu ya banio akatage. Lango limefungwa."

Alichungulia. Uso wake ukabadilika. "Mama, huyu ana mayai. Kipindi hiki hairuhusiwi kumtoa majini. Ni kosa."

"Tunamtoa haya maji tumtie yale," nilisema. "Unayaona? Yale pale."

"Nakuelewa mama. Lakini nimekukuta naye mkononi. Wanasema mto huu umemalizwa na akina mama. Nimetumwa kwa kazi hiyo hiyo."

Nilimwambia mimi ni nani. Nilimwambia nimefanya kazi yake kabla mama yake hajamzaa. Nilipandisha sauti, sioni haya kusema. Nilimwambia kama ni kukamata, akamkamate mwenye lango. Akaniambia, kwa huzuni ya kweli, kwamba lango haliko kwenye majukumu yake.

Bhoke hakubishana. Alimkabidhi beseni. Kijana akamhamishia ningu kwenye ndoo yake ya plastiki, akaifunga nyuma ya kiti kwa mpira, akatusamehe sisi wenyewe kwa sababu ya umri.

"Mura," Bhoke alimwita, kama Wakurya wanavyomwita kijana, "unaenda naye wapi?"

"Ofisini. Ni kielelezo."

"Ofisi iko juu ya banio au chini?"

Alifikiri. "Juu."

"Basi njiani utapita bwawani. Simama, umwage. Ni kazi ya kufumba na kufumbua tu."

Alimtazama Bhoke, akanitazama mimi, akaitazama ndoo. Naapa kwamba kwa muda kidogo nilimwona akitaka. Kisha akavaa kofia, akawasha.

Tulisimama tukimfuata kwa macho. Alipanda kilima, akapita juu kabisa ya ukuta, kisha kando ya bwawa lililojaa maji mpaka kwenye nyasi, na hakusimama. Ningu wa kwanza wa mwaka huu alivuka banio letu hivyo, ndani ya ndoo, nyuma ya pikipiki ya serikali, amekamatwa pamoja na mayai yake yote.